Kiongozi akipunga upepo huku wafanyakazi wamegoma: kosa ni safari, picha, au nini hasa?

#1 Fundi Saa

Wakuu, salaam.

Nina dai moja, nipingeni. James Callaghan, Waziri Mkuu wa Uingereza, hakuangushwa na migomo ya mwaka 1979. Aliangushwa na jua la Barbados.

Kwa wasioijua habari hii: serikali yake ilikuwa ya Labour, chama kilichozaliwa na wafanyakazi wenyewe. Ikaweka ukomo kwamba nyongeza ya mshahara isizidi asilimia 5. Wafanyakazi wa Ford wakagoma Septemba 1978, na kufikia Novemba wakaondoka na 17. Baada ya hapo nani angekubali 5? Mwanzoni mwa Januari 1979 madereva wa malori nao wakaweka funguo chini. Mizigo ikakwama bandarini, vituo vya mafuta vikakauka, na theluji inaanguka. Wiki hiyohiyo Waziri Mkuu yuko Guadeloupe, visiwa vya Karibi. Kutoka hapo akapitia Barbados, akapigwa picha anaogelea. Tarehe 10 Januari akatua Heathrow, waandishi wakamuuliza kuhusu hali ya nchi, akajibu: "Mgogoro? Mgogoro gani?" Tarehe 3 Mei akashindwa uchaguzi. Akaingia Margaret Thatcher, akakaa miaka 11.

Swali langu: mbona watu walikasirishwa na kuogelea kuliko ile asilimia 5? Asilimia ndiyo inayogusa sufuria. Leteni mifano na maelezo yenu. Mimi mwenyewe nimewahi kugoma mara moja kiwandani, na ninachokumbuka mpaka leo si kiwango tulichokuwa tunadai. Nitaeleza.

#2 Chumvi Nyingi

Umeahidi kisa halafu umeondoka. Naweka kiti hapa.

#3 Mto Kagera

Fundi Saa, mada nzuri ila umeanza na kosa ambalo nusu ya dunia inalirudia. Callaghan hakusema maneno hayo. Hicho ni kichwa cha habari cha gazeti la The Sun, tarehe 11 Januari, kesho yake. Alichosema pale uwanjani ni kwamba wanaoona mambo yamevurugika wanaangalia kwa jicho la ndani mno, na kwamba watu wa nje wakiitazama Uingereza hawaoni vurugu inayokua.

Pili, Guadeloupe hakwenda kustarehe. Ulikuwa mkutano wa wakubwa wanne: yeye, Jimmy Carter wa Marekani, Valéry Giscard d'Estaing wa Ufaransa na Helmut Schmidt wa Ujerumani Magharibi. Walizungumza silaha za nyuklia na Wasovieti. Barbados ndipo palipokuwa na mapumziko ndani yake, na ni siku chache tu. Kwa hiyo mtu alihukumiwa kwa sentensi ya mhariri na kwa bahari iliyokuwa karibu na ukumbi wa mkutano. Huo mkutano ungefanyika Oslo, leo usingefungua uzi huu.

#4 Fundi Saa

Ahsante Mto Kagera, nimepokea. Lakini hebu soma tena hayo maneno aliyosema kweli. Mtu amepanga foleni ya petroli, wewe unamwambia anaangalia karibu mno, aje atazame kutoka nje kama wewe. Kwangu mimi hayo ni mabaya kuliko ya gazeti. Mhariri alifupisha, hakusingizia.

#5 Nesi wa Lewisham

Habari zenu. Mimi niko London mwaka wa kumi na nne, wodini.

Kiangazi cha 2022 nilikiishi. Treni zimegoma, posta wamegoma, bandari ya Felixstowe imegoma, bei ya umeme inapanda kila ukifungua barua. Waziri Mkuu Boris Johnson alikuwa ameshatangaza kujiuzulu lakini bado yuko madarakani mpaka Septemba. Agosti akaenda Slovenia, akarudi, akaenda Ugiriki. Ikatoka video yuko dukani Ugiriki ananunua vitu vyake kama mtu yeyote.

Siku treni zilipogoma nilikuwa naondoka nyumbani saa 10 alfajiri nipande mabasi matatu ili niingie zamu ya saa 1 asubuhi. Sikuwachukia wale wa treni hata siku moja. Desemba ile sisi manesi wenyewe tukagoma, mara ya kwanza chama chetu kugoma nchi nzima tangu kianzishwe, na watu wa treni walikuja kusimama na sisi getini. Lakini ile video iliniuma. Si kwa sababu ya Ugiriki. Ni kwa sababu alionekana hana haraka. Anachagua kitu, anakirudisha, anachagua kingine. Mimi nilikuwa nimesahau kutembea dukani hivyo kunakuwaje.

#6 Kijana wa Nakuru

Hapa kwetu Kenya mfano uko wazi. Mwaka 2024 madaktari wamegoma, serikali inasema madaktari wa mafunzo ya vitendo watalipwa shilingi 70,000 badala ya 206,000 zilizokuwa kwenye makubaliano ya 2017, sababu eti pesa hakuna. Wakati huohuo Rais Ruto anakodi ndege ya kifahari kwenda Marekani. Madaktari wako barabarani, yeye yuko hewani.

#7 Daftari la Kaunti

@Kijana wa Nakuru, nakuunga mkono kwa uchungu ila tuweke tarehe sawa. Mgomo wa madaktari ulianza katikati ya Machi 2024 ukaisha tarehe 8 Mei, siku 56. Ziara ya Marekani ilikuwa kama wiki mbili baadaye. Tena ilikuwa ziara ya kiserikali, si likizo. Kuhusu gharama ya ndege, Rais alisema haikuzidi shilingi milioni 10 na kwamba marafiki walisaidia, na hayo maelezo ndiyo yaliyozidisha maswali.

Tukichanganya tarehe, wenye nguvu watapata pa kutokea. Watajibu kosa la tarehe na kuliacha lile la 70,000.

#8 Kijana wa Nakuru

Sawa, nimekubali tarehe. Lakini uliza daktari yeyote wa mafunzo kama mgomo uliisha kichwani mwake tarehe 8 Mei. Lile suala la malipo yao halikumalizwa siku hiyo, liliachwa kando wakarudi kazini. Kwake yeye ile ndege ilipaa katikati ya mgomo.

#9 Mama Njeri wa Pili

Ule mgomo mkubwa zaidi, wa tarehe 5 Desemba 2016 hadi 14 Machi 2017, siku 100, mimi nilikuwa na mama mgonjwa wa sukari. Tulizunguka hospitali tatu za umma, zote getini ni askari tu. Tukauza ng'ombe mmoja tukaenda ya kibinafsi. Februari viongozi wa chama cha madaktari wakafungwa jela na mahakama, wakatolewa siku mbili baadaye na mahakama ya rufaa. Kwenye gari la kwenda hospitali redio inatangaza hayo, mama akauliza, "Sasa kama madaktari wako jela, na wakubwa wanaugulia wapi?" Hakuna aliyemjibu. Alipona, yuko, ndiye aliyeniuliza leo naandika nini.

Kwa hiyo mimi naona si likizo. Ni kwamba mkubwa ana mlango mwingine. Akifungiwa huu anapita ule. Picha ya ufukweni inatuonyesha tu huo mlango mwingine ulipo.

#10 Oga wa Lagos Mjini Dar

Mama Njeri umenikumbusha kwetu Nigeria (niko Dar kwa biashara, Kiswahili changu mtanisamehe). Tarehe 30 Machi 2021 Rais Buhari alipanda ndege kwenda London kuangaliwa afya. Tarehe 1 Aprili madaktari wakaanza mgomo. Siku mbili tu katikati. Wanigeria wa London wakaenda kuandamana mbele ya nyumba aliyofikia. Hakwenda kuogelea, alikwenda kwa daktari, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko angekwenda kuogelea.

#11 Chumvi Nyingi

Hapo umeongeza kitu. Basi maelezo ya starehe yameanguka. Hakuna starehe kwa daktari.

#12 Bwana Hesabu

Mimi nina maelezo mepesi. Kwenye mgomo wowote mwajiri husema sentensi moja: fedha hakuna. Mfanyakazi hawezi kufungua vitabu vya hesabu akathibitisha. Kwa hiyo anatafuta ushahidi kwa macho. Likizo ya kifahari ni risiti ambayo mwajiri ameiangusha mwenyewe.

Angalia Hollywood 2023. Waandishi wa filamu wako kwenye mgomo tangu Mei 2, waigizaji wanakaribia kujiunga. Tarehe 13 Julai Bob Iger, mkuu wa Disney, anahojiwa kwenye televisheni akiwa Sun Valley, Idaho, kule matajiri wa Marekani wanakokutana kila mwaka milimani. Anasema matarajio ya wanaogoma hayaendani na hali halisi. Siku moja kabla, mkataba wake mwenyewe umeongezwa miaka miwili. Angesema maneno yaleyale akiwa ofisini, yangepita. Yale mawe na miti nyuma yake ndivyo vilivyomjibu.

#13 Sinema Zetu

Bwana Hesabu umesema nusu. Nusu nyingine ni upande wa wafanyakazi. Siku hizohizo Fran Drescher, rais wa chama cha waigizaji SAG-AFTRA, naye alikuwa Italia kwenye maonyesho ya mavazi ya Dolce & Gabbana. Ikatoka picha yuko na Kim Kardashian wanatabasamu. Wanachama wake wakamjia juu: mkataba unakaribia kuisha, kiongozi wetu anapiga picha? Chama kikajibu kwamba alikuwa kazini, ana makubaliano na kampuni hiyo, na kwamba alikuwa anashiriki majadiliano kutoka hukohuko.

Tarehe 13 akasimama Los Angeles akatangaza mgomo kwa hotuba kali ambayo watu waliirusha kila mahali. Mgomo ukaanza tarehe 14, ukadumu siku 118. Ile picha ikafa. Hakuna aliyeitaja tena. Kama picha ni risiti, mbona ya huyu ilifutika kwa siku tatu nne?

#14 Bwana Hesabu

Kwa sababu yeye hakuwa anasema fedha hakuna. Alikuwa anasema ziko.

#15 Sinema Zetu

Hapo sina neno. Nitalitafuta.

#16 Tausi

Na yule Waziri Mkuu wa Australia aliyekwenda Hawaii? Scott Morrison?

#17 Mto Kagera

Tausi, ule ulikuwa moto wa misitu, Desemba 2019, haukuwa mgomo. Lakini usiufute mfano wako, una kitu ndani. Wazima moto wengi wa vijijini kule ni watu wa kujitolea. Walikuwa wameacha kazi zao wiki nyingi bila kulipwa, na watu walikuwa wanadai wafidiwe. Morrison akasema redioni kwamba yeye hashiki mpira wa maji. Wazima moto wawili walikuwa wameshakufa kazini yeye akiwa hukohuko, akaomba radhi akarudi. Kabla mwaka haujaisha ikatangazwa fidia kwa waliojitolea wa jimbo la New South Wales, hadi dola 6,000 kila mmoja. Jambo alilokuwa analikwepa kabla ya Hawaii alilifanya baada ya Hawaii.

Sasa niambieni, picha haina kazi?

#18 Katibu wa Tawi

Nimewasoma wote. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, sekta binafsi, Tanzania Bara. Naona mnajadili picha kama watu wa magazeti. Njooni mezani.

Sheria yetu ya mwaka 2004 haikuruhusu kuamka na kugoma. Mnapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mnapewa siku 30 za usuluhishi, zikipita bila muafaka mnatoa notisi ya saa 48. Hizo siku 30 ndizo roho ya jambo. Mwaka fulani tulikuwa na mgogoro wa mkataba wa hali bora. Mwajiri alituletea ofisa rasilimali watu. Kijana mzuri, ana adabu, anaandika kila kitu. Kila tukifika kwenye namba anasema, "Hilo ngoja nimpigie mkurugenzi." Mkurugenzi yuko likizo Zanzibar. Simu haipatikani, au inapatikana upepo unavuma. Siku ya 11, ya 15, ya 22. Siku ya 30 ikafika tukiwa hatujajadili hata namba moja.

Yule bwana hakwenda Zanzibar kupumzika. Alikwenda kukaa mbali na kalamu. Mwenye kalamu asipokuwepo, hakuna majadiliano, kuna mazungumzo tu. Ndiyo maana mimi sijali alikuwa hoteli ya nyota tano au kwa shangazi yake. Najali nani alikuwa na kibali cha kutia saini.

#19 Chumvi Nyingi

Katibu, umeondoa utani wote humu ndani. Ahsante.

#20 Wakili Mtaani

Nitetee upande usio na mtetezi. Likizo ni haki ya sheria. Tanzania ni siku 28, Kenya siku 21 za kazi. Ni haki iliyopatikana kwa migomo ya wazee wetu. Leo chama cha wafanyakazi kikisimama kusema fulani hana haki ya likizo kwa kuwa mambo ni magumu, kesho mwajiri atamwambia mpiga chapa vilevile: mambo ni magumu, likizo yako ahirisha. Mmeshalisikia hilo. Tusijenge hoja itakayoturudia.

#21 Katibu wa Tawi

Wakili, likizo ya mfanyakazi hupangwa na mwajiri ili kazi isisimame. Ya kwake nani aliipanga iangukie siku 30 zilezile?

#22 Wakili Mtaani

Swali zuri. Kwa kesi yako naona nia mbaya, na nia mbaya tunaweza kuibana kwa sheria. Lakini Callaghan hakuwa na nia mbaya, na alilipa zaidi ya mkurugenzi wako.

#23 Tausi

Na Macron na ile saa ya euro 80,000 aliyoivua mbele ya kamera wakati Ufaransa inagoma kuhusu pensheni?

#24 Mto Kagera

Tausi dada yangu, leo umeniamulia. Alivua saa kweli, Machi 2023, katikati ya mahojiano ya televisheni, mgomo wa kupinga umri wa kustaafu kutoka 62 kwenda 64 ukiwa umepamba moto na takataka zimejaa mitaa ya Paris. Bei ya 80,000 ilikuwa uvumi. Ikulu yao ilisema ilikuwa inagonga meza, na ni saa ya Bell & Ross ambayo bei yake haifiki hata 3,000. Ukitaka mfano wa mapumziko chukua Machi 2019: alikuwa milimani La Mongie anateleza kwenye theluji, waandamanaji wa vizibao vya njano wanavunja maduka ya barabara ya Champs-Élysées, Paris, akakatisha akarudi usiku uleule.

#25 Tausi

Haya, nimejifunza kuuliza kabla sijadai. Ila euro 3,000 bado ni saa.

#26 Msukuma Toroli

Mmezunguka dunia nzima, rudini nyumbani. Nataka nimjibu Bwana Hesabu na risiti yake.

Novemba 2015 Rais Magufuli anaingia. Anafuta safari za nje za vigogo, mpaka upate kibali. Sherehe za Uhuru anazifuta, watu wafanye usafi. Yeye mwenyewe hasafiri kwenda mbali. Sisi watumishi tulishangilia sana. Mimi ni mwalimu, nilishangilia. Tulisema hela sasa itabaki. Kisha mishahara ikakaa palepale. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Kila Mei Mosi tunavaa fulana tunasubiri, hakuna. Nyongeza ya kima cha chini, asilimia 23.3, ilikuja kutangazwa Mei 2022 na Rais Samia, ambaye yeye anasafiri na watu wanamlaumu kwa kusafiri. Na wengi waliokuwa juu ya kima cha chini tulipata kidogo kuliko tulivyotarajia.

Kwa hiyo nauliza kwa moyo wangu wote: ile safari isiyofanyika ilinisaidia nini? Nilipewa heshima, nakubali. Niliona mkubwa anabana kama mimi. Lakini ada ya mtoto sikulipa kwa heshima. Tusije tukawa tunadai kiongozi akae nyumbani, akikaa tunaridhika, na namba haijasogea.

#27 Nesi wa Lewisham

Msukuma Toroli, nimesoma mara mbili. Sina jibu.

#28 Jirani wa Muhimbili

Lakini ile heshima isidharauliwe. Mwaka 2012 madaktari walipogoma mimi nilikuwa naishi karibu na Muhimbili. Maneno niliyoyasikia zaidi kwenye daladala hayakuwa kuhusu mishahara yao. Yalikuwa: wakubwa wanatibiwa India, watajuaje? Watu walikuwa tayari kuvumilia hospitali mbovu ya wote. Hawakuwa tayari kuvumilia hospitali mbovu ya wao tu.

#29 Msukuma Toroli

Sijaidharau. Nasema hailiki.

#30 Mto Kagera

Kabla hatujaondoka kwa Callaghan, Fundi Saa nakupinga lile dai lako la mwanzo moja kwa moja. Barbados ilikuwa Januari mwanzoni. Mabaya yalikuja baadaye: tarehe 22 Januari watumishi wa umma kama milioni moja na nusu wakaacha kazi siku moja, kisha wachimba makaburi wa Liverpool na Tameside wakagoma, maiti zikasubiri. Takataka zikarundikwa Leicester Square katikati ya London. Hayo ndiyo Thatcher aliyabeba kwenye kampeni.

Na serikali yenyewe iliangukia bungeni tarehe 28 Machi, kwenye kura ya kutokuwa na imani, 311 kwa 310, ndipo uchaguzi ukaitishwa, baada ya wabunge wa chama cha Scotland kugeuka kwa sababu ya kura yao ya maoni kuhusu kuwa na bunge lao. Mbunge mmoja wa Labour, Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa sana hakuweza kuletwa. Kura moja. Mtu kalala kitandani, serikali ikaenda. Sasa jua la Barbados liko wapi hapo?

Mimi maelezo yangu ni kwamba Callaghan alikosea Septemba, alipoahirisha uchaguzi ambao wengi walidhani utafanyika Oktoba 1978. Na alikosea na ile 5. Mtu huyu alianza kazi kama karani wa kodi, akawa ofisa wa chama cha wafanyakazi wa kodi, na mwaka 1969 ndiye waziri aliyesimama kuvitetea vyama serikali ilipotaka kuvibana. Aliamini wale ni watu wake, watamvumilia.

#31 Fundi Saa

Mto Kagera, hapo ndipo nilipotaka tufike. "Watu wake." Naleta kisa changu sasa.

Kiwandani kwetu tulikuwa kama mia mbili. Mkurugenzi tulimpenda, nasema kweli. Alikuwa anajua majina yetu, misiba yetu anakuja, anakaa kwenye mkeka. Tulipogoma, yeye alikuwa nje ya nchi na familia yake, na siku ya kwanza tulikuwa tunasema, akirudi mzee yataisha. Alirudi siku ya nne. Alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, hakupitia nyumbani, na wengine walisema hiyo ni ishara nzuri. Akasimama pale getini akatusomea karatasi kwamba tusiporudi kesho asubuhi tujihesabu hatuna kazi. Karatasi ilikuwa imechapwa tayari. Begi lake dogo lilikuwa bado lina kile kikaratasi cha ndege kinaning'inia kwenye mpini. Yeye anasoma, mimi nakiangalia. Hakuuliza hata tunadai nini.

Tulirudi kazini. Kiwango tulichokuwa tunadai nimekisahau, hata nikijaribu. Kikaratasi kilikuwa cheupe, kina mstari wa kijani.

#32 Katibu wa Tawi

Pole ndugu yangu. Hiyo karatasi iliandikwa akiwa huko likizo.

#33 Fundi Saa

Ndiyo. Nililijua hilo palepale.

#34 Bi Salme

Assalaam alaykum. Miye ni wa Mombasa, nasoma tu siku zote, leo naandika.

Nyote mwaangalia picha ya mkubwa ufukweni. Hamuulizi ni nani alosimama nyuma ya picha na sinia. Mie ndiye. Nimefanya kazi hoteli za pwani miaka kumi na sita. Mikataba yetu ni ya msimu, wageni wakipungua twarudishwa nyumbani. Mwaka 2017 manesi wa Kenya waligoma tangu Juni hadi Novemba mwanzo. Dada yangu ni nesi. Miezi ile hakuwa na mshahara, watoto wake wawili nikawaleta kwangu, tukilala watano chumba kimoja.

Mwezi wa nane akaja mheshimiwa mmoja na aila yake, siku tano. Simtaji. Mie ndiye nilopangiwa meza yake. Asubuhi hiyo redio ya jikoni ikisema manesi wafukuzwe. Nikatoka na maji ya madafu, nikamuandalia. Na nitasema haki: hakuwa mtu mbaya. Alisema ahsante kila mara. Aliniuliza watoto wangapi, nikamwambia wanne, sikumwambia wawili ni wa nani.

Nilipokuwa nikisoma hapa mwasema wakubwa wasije likizo wakati wa mgomo, moyo wangu ukaenda mbio. Wasipokuja, mie narudishwa nyumbani, na watoto wale wawili pia wala kwangu. Na walipokuja, niliona haya kuwaangalia wale watoto jioni. Yote mawili ni kweli na sijui nitayapanga vipi.

#35 Nesi wa Lewisham

Bi Salme, shikamoo mama. Dada yako alirudi kazini?

#36 Bi Salme

Marahaba mwanangu. Alirudi Novemba. Watoto walikaa kwangu hadi shule zilipofunguliwa Januari.

#37 Bwana Hesabu

Dada Salme, samahani kwa swali la kihesabu. Aliacha bakshishi?

#38 Bi Salme

Aliacha elfu mbili chini ya sahani siku alipoondoka. Nilimtumia dada kwa M-Pesa jioni ileile. Akanipigia kuuliza zatoka wapi, nikamwambia za kazini.